Kikao Kimeona

Kamati ya siku saba ya kupunguza foleni ya hospitali ilikutana katika chumba cha kushonea mashuka, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Walikuwa wanne: mwenyekiti, karani wa mafaili, dereva wa gari la wagonjwa, na fundi cherehani, aliyekuwa kibarua kwa miaka tisa, aliyeingizwa kwa sababu chumba kilikuwa chake. Mganga mkuu aliahidi kwa barua kwamba mwenye wazo bora atapandishwa cheo, na akiwa kibarua ataajiriwa. Fundi aliisoma barua hiyo mara nne.

Siku mbili za kwanza mwenyekiti aliongea peke yake, kisha akauliza, "Tunakubaliana?" Wakaitikia. Kila walipoitikia, viti vilizama kidogo sakafuni. Siku ya tatu magoti yalikuwa yamefika kidevuni, na karani akaandika kwamba kikao kimetulia.

Dereva, mtu mrefu, alichoka kuongea na magoti yake. Akamgeukia fundi.

"Dada, wewe unaonaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Fundi akainuka hewani, kiti kikabaki chini. Akaeleza kwamba wanaochelewa si wagonjwa, ni mafaili. Yote ni ya kijivu, na karani husoma jina moja moja. Yeye ana vitambaa vilivyobaki. Ashone utepe, kila kliniki na rangi yake.

"Angalia feni," mwenyekiti alisema.

Dereva aliendelea kuuliza, fundi akaendelea kupanda. Karani naye alipoulizwa aliinuka kiasi cha vidole vinne, akaingiwa na woga, akasema anakubaliana na mwenyekiti, akashuka. Kufikia siku ya sita fundi alikuwa anashonea darini, utepe wa majaribio umefungwa kwenye mafaili, na foleni iliyokuwa ikifika getini ilikuwa inaishia mlangoni.

Siku ya saba karani akasoma ripoti: "Kikao kimeona utepe utumike."

"Kikao ni nani?" fundi aliuliza kutoka juu.

"Ndivyo tunavyoandika, dada," karani akajibu. "Anayetia sahihi ni mwenyekiti."

Mwenyekiti akapandishwa cheo. Dereva alipinga, akaambiwa kamati imeshavunjwa. Fundi aliumia sana, lakini hakushuka.

Jumatatu mwenyekiti alikuja na karani kuchukua kalamu aliyoisahau.

"Bado uko huko?"

"Bado."

"Basi tufutie feni."

Fundi akaomba kitambaa. Karani akamrushia kipande cha utepe, kisha akaandika kwamba kikao kimeona feni ni chafu, na kikaifuta.