Havyarimana Amnunia Mkaguzi

Havyarimana wa Kasulu hakuwa mtu wa kudharauliwa, na asiyelijua hilo angeambiwa na Havyarimana mwenyewe. Alikuwa ametengeneza plagini, yaani kipande cha programu cha kupachika kwenye mfumo wa masomo ya mtandaoni. Chake kilihifadhi masomo kwenye simu, mwanafunzi asome hata mtandao ukikata. Alimtengenezea mdogo wake Ange, aliyekuwa akisomea ukunga Kibondo na kuishiwa bando kila mara. Chuo kilikataa plagini yoyote isiyoidhinishwa na wenye mfumo, na mtihani ulikuwa baada ya masika.

Akaituma. Jibu la mkaguzi wao likaja upesi: "Mstari wa arobaini una kosa. Rekebisha, utume tena."

Basi. Hakuna hata salamu ya amahoro, hakuna habari za nyumbani. Kwao Nyakitonto hata aliyekuja kukugombeza huketi kwanza, akaulizia watoto, mvua na ng'ombe. Havyarimana akamwandikia mkaguzi huyo ukurasa mzima wa salamu, mpaka afya ya mkewe akaiulizia. Likarudi jibu lilelile, neno kwa neno.

"Huyu hakufunzwa na mamaye," akasema, akanuna. Na kununa ndiyo kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Kosa lenyewe alishaliona, nukta mkato moja tu aliyoisahau. Lakini arekebishe kabla ya kusalimiwa? Thubutu! Ange alipopiga simu kuuliza, aliambiwa, "Tulia, mdogo wangu. Heshima kwanza."

Ange akatulia. Maharage yakavunwa, mtihani ukafanywa.

Ndipo Nurudini, fundi kompyuta wa jirani, aliposoma majibu yale akacheka mpaka akaketi chini. "Havya, huyu si mtu! Ni programu ya kukagua tu. Msimu mzima umeinunia mashine?"

Havyarimana akafungua kompyuta. Alirekebisha palepale, akatuma. Baada ya siku chache plagini ikaidhinishwa, na safari hii mkaguzi mwenye jina na damu yake akaandika kuisifu. Furaha ikamjaa kifuani. Akampigia Ange.

"Imepita! Sasa utasoma hata bila mtandao!"

Upande wa pili zilisikika kelele za soko.

"Hongera, kaka," Ange akasema. "Mimi nilifeli, nikaacha chuo. Nauza mihogo hapa Kibondo. Ngoja nikate, kuna mteja."