Sala ya Mzee Salesio na Bahasha ya Tatu

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Wawira, katibu wa chama cha wakulima wa chai pale Kibugu, alilikodolea macho sanduku la zabuni kama mtu anayemwangalia mgonjwa mahututi. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo zake zikiwa mifukoni mwa watu watatu wasioaminiana, na ndani mlikuwa na bahasha mbili tu. Alihitaji tatu kabla ya saa nne kamili.

Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe, na hapo ndipo palipomuuma. Bahasha zikiwa chini ya tatu, zabuni imekufa, na kazi inarudi kwa Mzee Salesio mwaka mwingine mzima. Kazi yenyewe ni kuwapa wanachama mia nne na kumi na wawili hema, viti na chakula kila penye mkutano mkuu, harusi au matanga. Mzee Salesio aliifanya miaka kumi na mmoja bila kushindanishwa na kiumbe chochote. Hema lake lilivujisha hata umande. Wali wake ulilia mdomoni kama changarawe, na ukitazama mchuzi wake uliona maua yaliyochorwa chini ya sahani.

Kwa hiyo mwezi wa tatu Wawira alisimama mbele ya mkutano mkuu na kuapa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba zabuni ya wazi isipofaulu atarudisha muhuri wa chama na kwenda kuchuma chai kimya kimya. Wanachama walipiga makofi sana. Hakujua kama walishangilia zabuni au kuchuma chai.

Kwenye benchi la wazabuni aliketi Mzee Salesio, tai shingoni, akitabasamu kama bwana harusi. Kando yake alikuwa Mugambi wa Nchiru, anayepikia wanafunzi wa hosteli, na ambaye kwa sababu hiyo hakuna lawama duniani inayoweza kumtisha. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi. Ilikuwa ya Zuleka wa Embu mjini, binti wa wauza nyama, ambaye pilau yake ilikuwa imewahi kuwafanya wageni wa harusi fulani wamsahau bibi harusi. Alikuwa amepiga simu: bodaboda imepata pancha, lakini anakuja.

Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, mwenyekiti, Mzee Munyi, alivua kofia.

"Kabla hatujagusa kitu, tuombe. Mzee Salesio, kama kawaida."

Wawira alifungua mdomo. Mzabuni kuombea zabuni yake mwenyewe! Lakini hapo Kibugu hajazaliwa mtu wa kupinga sala. Akaufunga mdomo, akafumba na macho.

Mkono wake, hata hivyo, haukupumzika. Katibu aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuruka maneno ya watu kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa hiyo Wawira aliandika kila kitu, vikohozi vikiwemo. Kuandika bila kuona hakukumpa shida. Alikuwa amekaa bwenini miaka minne, na barua zake zote muhimu alikuwa ameziandika chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa.

Mzee Salesio alianzia kwenye uumbaji wa dunia. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye gharika wakati bodaboda iliponguruma nje na kunyamaza. Viatu vikaja mbio hadi mlangoni. Vikasita. Kisha hatua moja ikaingia ndani.

"Na umpe subira, ee Bwana," Mzee Salesio alipaza sauti ghafla, "mama huyu wa mlangoni mwenye bahasha ya kaki, asimame kwa heshima mpaka tumalize!"

Viatu vikasimama kabisa.

Sala ikaendelea. Iliombea majani ya chai, mbolea, barabara, wamisionari wa kale, na magoti ya Mzee Munyi, moja baada ya jingine. King'ora cha kiwanda cha chai kikalia, kama kinavyolia kila siku saa nne kamili.

"Na king'ora hicho kitukumbushe tarumbeta ya mwisho!" alisema Mzee Salesio, akapata nguvu mpya, akaomba dakika tisa nyingine.

"Amina."

Macho yakafumbuka. Zuleka alikuwa mlangoni, bahasha kaishika kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Pole sana, mama," Mzee Salesio alisema kwa huruma tele. "Saa nne imepita. Sheria ni ya katibu, si yangu."

"Nimefika mapema, wazee wangu," Zuleka alisema. "Mlikuwa mnaomba. Mimi sikulelewa kupita mbele ya mtu anayeomba."

"Nani alikuona?" Mzee Salesio aliuliza. "Sote tulikuwa tumefumba macho."

Mzee Munyi alikuna kidevu. "Hapo ana neno. Katibu, una ushahidi?"

Wawira alishusha macho kwenye daftari. Mistari ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi, lakini ilisomeka. Akasimama, akakohoa kama wakili.

"Ajenda ya kwanza, sala. Nasoma. 'Na umpe subira, ee Bwana, mama huyu wa mlangoni mwenye bahasha ya kaki.' Kisha magoti ya mwenyekiti. Kisha, 'Na king'ora hicho kitukumbushe tarumbeta.' Mama alikuwa ndani kabla ya king'ora, mwenyekiti. Mzee Salesio mwenyewe amemshuhudia, tena mbele za Mungu."

"Aliandika wakati wa sala!" Mzee Salesio alifoka. "Macho wazi! Ni aibu!"

Wawira aliinua daftari wote waone mwandiko ule. Mugambi alicheka mpaka benchi likatikisika.

"Huyu alifumba, Mzee," alisema. "Sasa wewe tuambie. Rangi ya bahasha uliiona kwa jicho gani?"

Mzee Salesio alirekebisha tai iliyokuwa sawa.

"Tia bahasha yako, mama," Mzee Munyi alisema.

Ikaingia. Zikawa tatu, funguo zikatoka mifukoni, na kuhusu mshindi kamati ya zabuni ilijipa siku saba na sahani tatu za kuonja. Muhuri ulibaki mkobani mwa Wawira.

"Tufunge kwa sala," Mzee Munyi alisema, akamruka Mzee Salesio kwa macho. "Mama Zuleka, tafadhali. Fupi."

Zuleka akainua viganja. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Wawira alifumbua jicho moja, kuhakikisha tu. Ng'ambo ya chumba, jicho moja la Mzee Salesio lilikuwa linamtazama.

Wote wawili wakayafumba haraka.