Difu ya Marehemu Delmar

Askofu wa kata yetu ya kanisa la Mormoni, kazi isiyo na mshahara, ambaye Jumatatu hadi Ijumaa anauza matairi, amenishauri mara mbili nimsamehe Royce. Mara zote mbili nimemwambia arudi kwenye matairi yake. Mimi Verlene Stocks sijui kinyongo cha kuficha. Nikimchukia mtu namchukia mchana kweupe, na hapa kusini mwa Utah wananijua hivyo tangu nikiwa msichana.

Royce ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Delmar. Kila mmoja wao alikuwa na Landikruza ya mwaka 1976, ya Delmar bluu, ya Royce kijani. Ya Delmar ilipanda popote kwa sababu difu ya nyuma, ule mtambo unaogawa nguvu kwa matairi, ilikuwa na loki, ile inayojifunga yenyewe, na aliifunga kwa mikono yake kwenye gereji yetu huku mimi nikimshikia tochi. Bila loki, tairi moja likining'inia hewani huzunguka bure na la pili linatulia tu. Ukiwa na loki yanasukuma yote mawili.

Saratani ilipomshika, Delmar aliomba jambo moja tu. Majivu yake yakamwagwe juu ya Ngazi, ule mwamba mwekundu ambao klabu yetu ya magari huupanda kila Pasaka, na yapelekwe na gari lake, mimi nikiendesha. Tukamaliza mazishi, watu wakala viazi vya jibini wakaondoka, Royce akabaki.

"Shemeji, breki za hili gari si salama," akaniambia. "Niachie nikutengenezee."

Nikamwachia wiki tatu. Nikamwokea hata pai ya pichi, mimi mjinga.

Pasaka ile nikaianza Ngazi, majivu nimeyafunga mkanda kwenye kiti cha pembeni yangu. Nusu ya mwamba tairi la nyuma likainuka, gari likakwama. Nilijaribu mara sita mbele ya magari ishirini. Royce akasema kwenye redio, kila mtu akisikia, "Shemeji, hilo si jiko hilo! Teremka polepole, unipe kaka nimpeleke mimi."

Watu walicheka. Nikateremka kinyumenyume, nikarudi nyumbani na Delmar wangu, nikamweka juu ya kabati la vyombo. Mwaka mzima nilijilaumu. Niliamini mguu wangu ndio mbovu.

Februari iliyofuata nikasema basi, hili gari nitalijua mpaka msumari wa mwisho. Kila Jumamosi niliingia gereji na kitabu cha ufundi chenye alama za vidole vya Delmar vya grisi. Nikabadili bushi za springi, zikanichubua vidole viwili. Nikabadili pampu ya breki, na kwa kuwa sina wa kunikanyagia pedali wakati wa kutoa hewa, niliikandamiza kwa mpini wa ufagio niliouegemeza kwenye kiti. Nikafunga winchi mpya mbele, peke yangu, kwa jeki na matusi. Jumamosi ya nne nikaona oili inachuruzika nyuma, nikafungua mfuniko wa difu ili nibadili gasketi.

Loki haimo. Ndani kuna difu ya kawaida, chakavu, meno yameliwa.

Nilikaa kwenye sakafu nikacheka, halafu nikalia, halafu nikarusha spana ikavunja kioo cha dirisha. Tangu mazishi hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa gari lile ila wa Royce. Loo! Kumbe siku ile ananicheka kwenye redio alikuwa ameikalia loki yangu! Alitaka kumpeleka kaka yake juu kwa kitu alichomwibia! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ningempigia simu angekana, na usiku huohuo angeificha. Kwa hiyo nikatia gasketi mpya na oili mpya, nikafunga mfuniko, nikanyamaza wiki tano. Nilikutana naye dukani nikamwambia, "Hujambo, shemeji?" na meno yote nje. Moyoni nilikuwa nampika.

Klabu yetu ina sheria ya zamani. Jumamosi moja kabla ya Pasaka magari yote hukusanyika kwa mwenyekiti, Orrin, na hakuna anayekagua gari lake mwenyewe. Majina huokotwa kwenye kofia. Mkaguzi akitilia shaka kitu ana haki ya kukifungua, na mwenye gari hana sauti. Lakini miaka mingi watu wamekuwa wavivu, wanapiga teke tairi, wanafunua boneti, wanakwenda kula hotidogi. Royce alizoea uvivu huo, akalileta la kijani bila wasiwasi.

Jina lake liliokotwa na jirani yangu Garth. Nikamvuta kando. "Garth, tubadilishane. Nimepata la Orrin, hilo halina kazi."

"Chukua," akasema. "Mimi nina njaa."

Nikaingia chini ya gari la Royce na spana yangu. Akaja, akainama.

"Shemeji, unatafuta nini huko? Jiko liko upande ule."

"Nafungua difu."

"Hee! Difu yangu haivuji hata tone!"

"Naitilia shaka."

"Orrin! Mwambie huyu mama aache utoto!"

Orrin ni mtu wa maneno machache. "Sheria ni sheria, Royce. Mwache afungue."

Oili ikamwagika kwenye karai. Mfuniko ukatoka, na loki ile hapo, na juu yake herufi mbili, D na V. Kila chuma alichokifunga Delmar alikigonga herufi yake na yangu kwa msumari, na klabu nzima ilikuwa ikimtania kwa hilo. Nikampa Orrin tochi. Akafuta kwa kitambaa, akatazama, akafuta tena. Alipotoka chini uso ulikuwa umebadilika.

"Royce, hebu njoo usome hapa."

Royce hakuinama. "Kaka aliniahidi," akasema. "Kule hospitali."

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Mbona ulisema breki?"

"Wewe ungeifanyia nini, Verlene? Ingekaa bure tu!"

"Ikae bure! Ni yangu, ikae bure!"

Nilitamani kumpiga na karai lile. Badala yake nikamtia spana mkononi. "Toa. Halafu utoe ile taka uliyonitilia, unifungie yangu. Leo mkaguzi ni mimi."

Ilimchukua saa saba. Alilala chini ya gari langu, oili inamdondokea puani, nami nimekaa kwenye kiti cha kukunja na soda yangu. Hakuna aliyeondoka, hata Garth alisahau njaa.

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena, mwizi."

Alipomaliza, nikaipakia ile difu chakavu kwenye toroli, nikaisukuma mwenyewe mpaka kwenye pipa la vyuma vibovu. Ilikuwa yake, najua. Gari la kijani likabaki juu ya stendi, tumbo wazi.

Asubuhi ya Pasaka Royce alifika chini ya Ngazi na gari lake dogo la mjini, amevaa suti. Kwetu asiye na gari la kupanda hupewa kiti, haachwi mtu chini. Kila gari lilikuwa na nafasi siku ile. Lakini Orrin alisema mwenye msiba ndiye mwenye neno, na wote wakanitazama.

Royce akavua kofia. "Shemeji, ni kaka yangu. Nitakaa nyuma, juu ya minyororo."

Ana kidevu cha Delmar. Siwezi kudanganya, kiliniuma kile kidevu.

"Hapana," nikasema.

"Basi niachie kidogo. Kijiko kimoja, Verlene. Nina kikopo hapa." Alikuwa amekuja nacho kweli, kikopo cha bati, amekiosha.

Nikapandisha kioo.

Pale nilipokwama mwaka jana, tairi lilinyanyuka vilevile. Gari likasita, difu ikaguna, matairi yote mawili yakashika, na nikapanda huku nikipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Juu nikalifungua sanduku la majivu, nikatoa mfuko. Kule chini Royce alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, anatutazama.

Nikamwaga. Upepo ukambeba Delmar upande wa korongo. Nikaupindua mfuko ndani nje, nikaukung'uta kwenye mwamba mara tatu mpaka vumbi likaisha kabisa.

Orrin akaja taratibu. "Hata kijiko, Verlene?"

"Hata kijiko."

Delmar angembakishia. Najua, na nilijua wakati nakung'uta.