Tezi ya Mbuzi wa Mkaguzi

Mwaka 1994 mkaguzi wa shule alikuja shuleni kwetu Likasi, mji wa migodi wa Katanga, kuamua kama mchepuo wetu wa biolojia na kemia ufungwe. Tulikuwa tumebaki wanafunzi kumi na mmoja na hadubini isiyo na lenzi. Ukifungwa, mwalimu wetu Monsieur Numbi angerudi kulima mihogo kwao Buluo, nasi tungegawanywa kwenye madarasa mengine kama viti.

Monsieur Numbi aliandaa somo moja la kumshinda mkaguzi: homoni na nguvu ya moyo. Moyo wa chura, ukiwa bado unapiga, ungefungwa uzi. Uzi ungevuta bua. Bua lingechora kila pigo kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Kisha tone la adrenalini, na michoro irefuke. Shule nzima ilikuwa na ampuli moja tu, kichupa cha kioo kilichozibwa, ya adrenalini.

Kwa masikitiko makubwa naeleza kwamba ampuli hiyo nilikuwa nimeiazima. Kwa wiki mbili niliianika kwenye dirisha la bweni, nikiwaambia wadogo wa mwaka wa kwanza kwamba ni machozi ya mzimu wa mgodi wa Shinkolobwe. Waliipigia saluti kila asubuhi. Jua likaifanya rangi ya chai, nami nikairudisha kabatini.

Siku ya ukaguzi Monsieur Numbi aliiinua kwenye mwanga, akanitazama, akakaa.

"Imekufa," alisema.

"Monsieur, mwili unaitengeneza wapi?"

"Kwenye tezi iliyo juu ya figo. Nilifundisha mwezi uliopita. Ulikuwa umelala."

Nilikimbia jikoni. Walikuwa wamechinja mbuzi wa chakula cha mkaguzi, na mpishi, Mama Fortunée, alikuwa ameshika figo la mwisho juu ya sufuria.

"Mama, miye naomba kale kanyama kadogo ka juu ya figo."

"Weye! Njala imekufundisha anatomie?"

"Ni ya masomo, Mama."

"Leo masomo. Kesho utaniomba paja ya géographie."

Lakini alikata. Monsieur Numbi aliisaga ile tezi katika maji ya chumvi, akachuja kwa leso yake.

Mkaguzi, Monsieur Kitenge, alisimama mezani, mikono nyuma. Bua lilichora vilima vidogo. Tone likaanguka. Vilima vikawa minara.

"Inapiga mbio tu," alisema mkaguzi.

"Mbio pia, Monsieur l'inspecteur. Lakini angalia urefu. Kila pigo, misuli inajikaza kwa nguvu zaidi. Homoni ndiyo inayoagiza."

"Adrenaline mulitoa wapi? Mu pharmacie ya Likasi hakuna kitu."

Monsieur Numbi alikunja ile leso akaitia mfukoni.

"Mu mbuzi yenu," nilijibu.

Mkaguzi aliinama juu ya karatasi, kisha akaomba tone la pili, alidondoshe mwenyewe. Minara ikapanda tena. Akaandika: mchepuo ubaki, mwaka mmoja.

Monsieur Numbi aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akachukua chaki, akaanza somo lililofuata, la ini.