Komeo la Nje

Komeo liliteleza kwa nje, taratibu, kana kwamba aliyelifunga hakutaka kumwamsha mtu. Lakini hakuna aliyekuwa amelala. Hata taa sikuwa nimewasha. Robi alikuwa mapajani mwangu akinyonya kidole, magongo yangu yameegemea ukuta, nami nikisikiliza malapa ya mama Bosibori yakirudi kwake.

"Lala salama, mama Robi."

"Na wewe pia, mama. Asante."

Hiyo asante ndiyo iliyoniuma.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Tangu polio ilipochukua miguu yangu nilikuwa nimelelewa katika kituo cha walemavu kule Migori, kwenye bweni lililofungwa kwa nje kila jioni, kwa usalama wetu, walisema. Robi alipoacha kunyonya niliambiwa kituo hakilei watoto: ama Robi apelekwe kwa mama yangu mpakani, ama mimi nitafutiwe chumba. Pale sokoni Rodi Kopany wenye nyumba walinitazama kuanzia miguuni, wakasema chumba kimechukuliwa. Mama Bosibori, mwuza ndizi kutoka Kisii, alinitazama usoni. Alivunja ngazi ya mlangoni, akajaza udongo, akaushindilia kwa miguu yake mwenyewe ili magongo yasikwame.

Kisha Nicanor, dereva wa kituo, akishusha godoro langu, akamwambia kama anayeacha maagizo ya dawa, "Mama, hawa watu jioni wanafungiwanga."

Kesho yake fundi alikuja na komeo.

Ng'ambo ya barabara, kanisani, kulikuwa na darasa la ngumbaru, la watu wazima. Kule kituoni masomo ya jioni, kabla ya kufungiwa, ndiyo yaliyonifumbua macho. Nilibakisha mtihani wa darasa la nane tu. Sasa jua likizama niliwasikia wenzangu wakisoma kwa pamoja, sauti zikipenya mabati, nami nikasoma nao bila sauti, paji la uso likigusa mlango.

"Mama, unaongea na nani?" Robi aliniuliza siku moja.

"Na darasa. Naenda darasani."

Alitazama mlango, akanitazama mimi.

Koroboi niliizima mapema. Ingeanguka ikawasha moto, tungetokea wapi? Ila kusema sikuweza. Mtu aliyekuvunjia ngazi, utamwambiaje akuvunjie na komeo? Akiudhika, nyuma yangu kulikuwa na kitanda kimoja tu duniani, na hakikuwa na nafasi ya Robi.

Hata hivyo kila jioni nilivaa viatu, nikafunga kitabu ndani ya leso, nikakaa karibu na mlango. Huenda ujasiri ungepita ukanikuta tayari.

"Leo nimechelewa," mama Bosibori alisema jioni moja, mkono tayari mlangoni. "Hizi ndizi zinanisumbua kuliko mume."

Nilicheka. Nikafungua kinywa, na neno nililokuwa nimeliandaa likageuka njiani. "Asante, mama."

Robi aliteremka mapajani. Alishika gongo moja, refu kumshinda, akaliburuta sakafuni hadi kizingitini, akalilaza pale. Mlango ulipovutwa ukagonga mti, ukakataa.

"Toa hiyo, mjukuu wangu, nifunge."

Robi hakulitoa. Alitoa kidole kinywani.

"Nyanya, mama anaenda darasani."