Maji Matamu ya Watu Ishirini na Tatu

Gari la kuchimba visima lilikuwa limeshatoka kijijini na kushika barabara ya Mpwapwa, na Augustino alikuwa nyuma yake, anakimbia na chupa ya maji mkononi. Kandambili moja ikakatika, akaiacha hapo hapo. Mtu mzima, miaka hamsini na sita, anakimbiza lori. Hasira ndiyo iliyompa miguu.

Gari likapunguza mwendo kwenye tuta. Akaligonga ubavuni mpaka fundi mkuu, Seth, akachungulia.

"Shikamoo mzee. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Maji haya ni chumvi. Rudini mchimbe pengine."

Seth hata chupa hakuishika. Akakunjua karatasi. "Watu ishirini na tatu wameonja asubuhi hii, wote wamesema matamu. Wewe ni wa kumi na nne. Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yake.

"Mkataba unasema akilalamika mwanakijiji mmoja, tunachimba upya. Mmoja tu, mzee wangu. Mimi nilishaonja kabla yenu, nikajua ni chumvi. Ningesema mimi, kazi sina. Nikawasubiri nyie mpaka kikombe kikawazunguka wote."

Gari likaondoka.

Augustino alirudi mguu mmoja pekupeku, anatukana njia nzima. Kisima kile alikuwa amekingoja kwa ajili ya mkewe, Editha. Nyonga yake imekwisha, na nesi alishamwambia aache kubeba ndoo kutoka korongoni, saa mbili kwenda na kurudi. Sasa kisima kimekuja, na yeye mwenyewe amekisainia chumvi.

Asubuhi ile kikombe cha kuonjea kilianzia kwa Bibi Antonia, kwa heshima, maana ndiye mkubwa kuliko wote. Bibi akasema matamu. Mwenyekiti wa kijiji, Henry, akanywa, akawatazama wageni waliotoka mjini, akasema matamu. Baada ya hapo kila mtu alikunja uso, akaukunjua haraka, akasema vile vile. Kilipomfikia Augustino, chumvi ile ilitosha sufuria nzima ya mlenda. Akawatazama kumi na watatu waliomtangulia. Akasema matamu.

Sasa, aliporudi kijijini, Augustino alianza kuwauliza, kwanza Henry. Henry akajitetea kwamba alikuwa na mafua, akadhani ulimi wake ndio mbovu. Yahaya mwenye duka akasema alidhani mwenyekiti anajua jambo ambalo yeye halijui.

"Mnafuata mkumbo kama mbuzi wa mnadani," Augustino akamwambia.

"Na wewe mbuzi wa kumi na nne," Yahaya akajibu, anapanga sabuni zake.

Akaenda kwa Bibi Antonia. Hasira ilikuwa imemjaa hata shikamoo aliitoa kwa meno. Akamuuliza alionja nini.

"Sikuonja kitu, mwanangu. Ugoro uliniua ulimi zamani. Mgeni akikupa maji utamwambia ni mabaya? Nyie wenye ndimi ndio mlikuwa na kazi."

Nyumbani alimkuta Editha anakunja kanga ya kuwekea ndoo kichwani. Alikuwa wa kumi na tano. Augustino akaanza kumfokea: nyonga ni yake, ndoo ni yake, sasa mdomo wake ulikuwa wapi?

Editha akamaliza kwanza kukunja kanga.

"Wewe ulishasema matamu mbele ya watu, baba Miriam. Nikuumbue?"

Akajitwika ndoo, akaondoka. Augustino akabaki na chupa yake.

Bibi Antonia alifariki mwaka uliofuata. Maji ya kumwoshea yalichotwa korongoni. Maji ya kisima kile wanakunywa ng'ombe, tena wakibanwa na kiu. Seth anachimba visima upande wa Kondoa, na huko watu anawaonjesha mmoja mmoja, nyuma ya gari. Henry alichaguliwa tena kwa kunyoosha mikono. Augustino peke yake hakunyoosha, na tangu siku hiyo Yahaya hamkopeshi hata kiberiti. Editha bado anakwenda korongoni. Siku hizi anabeba ndoo ndogo, na anakwenda mara mbili.