Chiriku wa Chumba cha Kupakia

Miaka ile viberiti viliwaka popote ulipovisugua: ukutani, mezani, hata kwenye soli ya kiatu. Waliokuwa navyo mfukoni walijiona wamestaarabika. Wanawake waliovipakia waliviita kwa jina moja tu, "kazi".

Chiriku aliianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na sita. Aliingizwa na shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ambaye alikuwa amekula chumvi nyingi katika chumba kile cha kupakia. Wenzake walimbandika jina siku ya kwanza, maana mikono yake ilipakia njiti na mdomo wake ulipakia maneno, na hakuna kilichoachwa nyuma na kingine.

Njiti zililetwa mezani vichwa vyake vikiwa bado na unyevu wa dawa, vikifuka moshi mwembamba unaonuka kama kitunguu saumu. Chakula cha mchana kililiwa palepale, juu ya meza ileile, kwa sababu lango lilifungwa mpaka saa ya kutoka. Wote waliujua ugonjwa wa taya ulioletwa na moshi ule. Huanza na jino, shavu likavimba, kisha mfupa wenyewe ukaoza mtu angali hai. Kampuni nayo iliujua. Ndiyo maana kila Jumatatu mnyapara aliwaamuru wapanue midomo, na aliyeonekana na pengo jipya aliondoka siku hiyohiyo.

Ukimuuliza Chiriku anataka nini duniani, hakutaja dhahabu.

"Chumba chenye dirisha," alisema, "na mtu wa kucheka naye."

Chumba cha shangazi hakikuwa na dirisha. Na mtu aliyempata, alipofikisha miaka ishirini, hakuwa mcheshi hata kidogo. Alikuwa fundi viti, mpole, ambaye shangazi alisema ana maneno mawili kwa siku, na moja ni "haya". Lakini Chiriku alipozungumza, fundi aliweka patasi chini ili asikilize. Walipata chumba cha ghorofani, dirisha likitazama barabara, wakapanga siku ya ndoa.

Jino lilianza kuuma miezi miwili kabla ya siku hiyo.

Hakumwambia mtu. Alificha karafuu shavuni, akatafunia upande mmoja. Mwezi huohuo rafiki yake wa meza, Mrefu, aliyekuwa akimegeana naye mkate kwa miaka minne, alitolewa kazini shavu likiwa limejaa kama ngumi. Akaenda kuugulia kwa mama yake, na hakuinuka tena kitandani.

Habari za Mrefu zilifika serikalini, na mkaguzi akatangaza kwamba atakuja. Mnyapara alimwita Chiriku pembeni.

"Wewe ndiye mdomo wa chumba hiki. Akiuliza, utajibu wewe."

"Nijibu nini?"

"Kwamba mko salama. Au hujioni kuwa salama, bibi harusi?"

Mkaguzi alikuja na daftari lake, mtu wa makamo, mwenye adabu. Alisimama mbele ya meza akauliza kama kuna aliyewahi kuugua taya hapo. Chumba kizima kilimgeukia Chiriku. Chiriku aliisukuma karafuu kwa ulimi mpaka nyuma ya jino.

"Hapana, bwana. Hapa ugonjwa wetu ni umbea tu, na hauna dawa."

Wanawake waliangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka, akaandika, akafunga daftari. Shangazi peke yake hakucheka.

Walipofika nyumbani, shangazi hakuvua hata viatu.

"Umemzika Mrefu akiwa hai."

"Zimebaki wiki tatu, shangazi. Wiki tatu tu, niolewe nitoke pale."

"Na kwa nini unaongea umeng'ata meno? Panua mdomo."

Chiriku alikataa, kisha akapanua. Shangazi alisogeza uso, akanusa, akakaa kitandani.

"Tangu lini, mwanangu?"

Mrefu alifariki siku nne kabla ya harusi. Mazikoni, mama yake alimkumbatia Chiriku na kumshukuru kwa kuja. Hakuwa amesikia lolote.

Harusi ilifanyika. Kwa siku arobaini Chiriku alikuwa na alichokitaka. Asubuhi alisimama dirishani akimsimulia mumewe wapita njia: huyu kagombana na mkewe, yule kavaa viatu vya kuazima. Fundi alicheka, kwa sauti ya mtu asiyezoea. Siku ya arobaini na moja, Chiriku aliamka akiwa hawezi kufumbua jicho la kushoto kwa uvimbe.

Daktari aliliondoa taya la chini, karibu lote. Chiriku alirudi nyumbani kitambaa kikiwa kimemfunga toka masikioni hadi shingoni, akilishwa uji kwa kijiko. Sauti iliyomtoka ilieleweka na watu wawili tu, mumewe na shangazi.

Alipopata nguvu za kutembea, aliwataka wampeleke kwa mkaguzi. Mkaguzi hakumtambua. Chiriku alipofungua kitambaa, kalamu ilimponyoka mkaguzi mkononi. Chiriku alizungumza muda mrefu, na fundi, yule wa maneno mawili kwa siku, akatafsiri.

"Anasema alikudanganya. Mwenzake alikuwa akifa, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa."

"Nani alimwagiza?"

Fundi alimsikiliza mkewe, akasita. Chiriku alimpiga kofi mkononi, aseme.

"Anasema mnyapara ndiye aliyemwagiza. Ila ule utani ulikuwa wake mwenyewe. Anataka uandike hivyo."

Mkaguzi aliandika. Wiki iliyofuata shangazi alifukuzwa kazi, akahamia kwa Chiriku na mumewe. Kiwandani waliongeza madirisha mawili. Dawa ile ya vichwa vya njiti ilikuja kupigwa marufuku baada ya miaka tisa.

Chiriku alikwenda pia kwa mama wa Mrefu, akamweleza yote kwa kinywa cha mumewe. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa mapajani.

"Ungemwambia yeye," alisema. "Msamaha wake sina mimi."

Akafunga mlango taratibu.

Chiriku aliishi miaka sita mingine. Alijifunza kusuka ukindu wa viti, na mikono yake, iliyokuwa myepesi tangu zamani, ilimshinda mumewe kwa kasi. Fundi alizoea kuzungumza akiwa kazini. Hakuwa na kipaji. Hadithi zake ziliishia njiani, na mizaha yake ilichelewa. Chiriku alimsikiliza, akasahihisha kwa vidole pale alipokosea, na siku nyingine mabega yake yalitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.